Mtoto Mzuri Haombi

Odile Pelletier alikuwa mkono wa birika, na hakuona haya kuitwa hivyo. Ukimtania alikujibu kwamba birika hilohilo ndilo litakalomnunulia nyumba. Mifuko ya mkate aliiosha akaianika juu ya jiko. Mifupa ya kuku aliichemsha mara mbili, mara ya tatu akampelekea mbwa wa jirani, na jirani alisema hata mbwa mwenyewe aliona aibu kuipokea. Nywele za mumewe, Réal, alizikata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, na mwanamume wa watu akaendesha lori lake la magogo majira yote ya baridi akiwa na kofia kichwani, ndani na nje.

Msimlaumu. Walikuwa na watoto wawili, Ludger wa miaka mitano na Zélie aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka, na nyumba waliyokaa haikuwa yao. Ilikuwa ya baba mdogo wa Réal, nyumba kuukuu ya mbao nje ya kijiji cha Saint-Zénas, kwenye barabara ambayo theluji ikianza Novemba huioni tena ardhi mpaka Machi. Mzee alisema atawauzia wao kwanza, lakini benki haiangalii ukoo, inataka kuona fungu la fedha mezani. Fungu lilikuwa limebakia kidogo litimie. Odile alipiga hesabu kwamba wakibana mpaka majira ya kuchipua, nyumba itakuwa yao.

Kubana ukiwa peke yako si kazi. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, kwenda dukani ni kwenda vitani. Ludger aliomba juisi, aliomba ndizi, aliomba ile nafaka ya asubuhi yenye picha ya simba, aliomba tochi, aliomba gari jekundu la zimamoto lililokaa dirishani kwenye duka la misumari. Alilala akiomba, akaamka akiomba. Siku moja ya Oktoba alijitupa sakafuni mbele ya mashine ya kulipia, watu wamejipanga, akapiga mateke kwa ajili ya yule simba. Odile uso ulimwaka. Aliinama, akamshika bega, akamwambia sikioni.

"Mtoto mzuri haombi. Umenisikia? Mtoto mzuri anasubiri apewe."

Akalirudia neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Ludger alikaa kwenye kiti cha nyuma, anatazama mashamba.

Wiki hiyohiyo likazuka suala la kitanda. Zélie alikuwa akilala kwenye kikapu cha nguo, na sasa miguu yake ilikuwa inaning'inia nje. Ilibidi achukue kitanda cha kaka yake, na kaka yake atafutiwe kingine. Odile alitazama bei mjini, akatazama vitanda vilivyotumika, akaguna. Kisha akageuka, akalitazama lile benchi.

Benchi lilikuwa la buluu, limekaa kando ya mlango wa jikoni tangu kabla babu yake Réal hajazaliwa. Ukilifunika ni kiti. Ukilifunua linakuwa sanduku refu la kulala mtu mmoja. Nyumba zote za zamani upande ule zilikuwa nalo, na lilikuwa la ombaomba. Ila ombaomba wa kwao hakuwa anaomba. Alibisha, akasema Mungu aibariki nyumba hii, akaketi karibu na mlango asubiri kupewa. Akipewa supu alikunywa, asipopewa alinyamaza. Alisimulia habari za nyumba alizopitia, akalala ndani ya benchi, asubuhi akakunja blanketi na kusema, "Mungu atakulipa, mwenye nyumba," akaenda zake. Hakuna aliyethubutu kumfukuza, maana aliweza kuondoka na baraka zote za nyumba, ng'ombe wakakauka maziwa. Lakini miaka sabini ilikuwa imepita hajaonekana hata mmoja. Watu siku hizi huweka maua juu ya mabenchi hayo. Akina Odile waliweka viatu vya theluji.

Odile alitoa viatu, akafuta ndani kwa siki, akatandika mfarishi wa viraka. Hata senti moja haikutoka.

"Unamlaza mwanangu kwenye sanduku la viatu?" Réal aliuliza alipoingia.

"Viatu vimehama. Na pana joto kuliko chumbani kwako."

"Chumbani kwangu pana baridi kwa sababu mke wangu anazima moto."

"Basi na wewe hamia humo. Mtabanana."

Réal akacheka, akajaribu kujipenyeza ndani ya benchi na makoti yake, Ludger akafurahi mpaka akapata kwikwi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya mwisho ya aina ile kwa muda mrefu.

Jumapili akaja mama mkwe, Bibi Aurore, na mkate wake wa nyama. Alipouona mfarishi ndani ya benchi alisimama na koti mabegani.

"Nani analala hapa?"

"Ludger, Mama."

"Hapo ni pa maskini."

"Maskini ni sisi, Mama," Odile alisema. "Anayetaka kunibishia akaulize benki."

Bibi Aurore hakucheka. "Mtoto wa nyumba halali mlangoni. Mimi nimezaa saba, wakalala wanne kitanda kimoja kama samaki kwenye kopo, na hapo hakulala hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Sisi tulikuwa tunaambiwa na tunasikia. Hatukuwa na hii kwa nini kwa nini yenu."

Odile aliuchukua mkate wa nyama, akaushukuru, akaona moyoni kwamba mkwe ni mkwe, lazima apate la kusema. Usiku huo Ludger akalala humo kwa mara ya kwanza.

Asubuhi Odile aliposhuka aliukuta mfarishi umekunjwa mara nne, kona kwa kona. Ludger alikuwa ameketi juu ya benchi, mikono magotini, anautazama mlango.

"Umelalaje, mwanangu?"

"Vizuri. Mungu atakulipa."

"Mwambie afanye haraka, nina shida," Odile akasema, akacheka peke yake huku akikoroga uji. Alidhani Réal ndiye aliyemfundisha.

Tangu siku hiyo Ludger hakuomba. Dukani alitembea ameshika kigari, akampita simba asimwangalie. Kwenye duka la misumari hakugeuza shingo. Ukimpa tufaha alilila, usipompa hakukukumbusha. Soksi zikitoboka alizivaa hivyohivyo mpaka uone mwenyewe. Fedha za chakula zilianza kubaki mwisho wa wiki, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Na Odile, jamani, alifurahi. Hapo ndipo pa kumlaumu, kama mnataka mahali. Alimpigia simu dada yake akamwambia, "Wangu hanigharimu kitu. Ni kama sina mtoto." Alisema hivyo kwa kinywa chake, na kwa majivuno.

Mwalimu wa shule ya watoto naye alimsifu. "Adabu yake inanishinda hata mimi," alisema. "Ila hachezi. Anakaa pale karibu na mlango, penye makoti. Nikimwita kwenye duara anasema hataki kusumbua."

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Sahani yake aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kula kwenye benchi. Alikula nusu, na kipande cha mkate akakitia mfukoni.

"Njoo mezani, Ludger."

"Hapa panatosha. Nisiwasumbue."

Réal alimtazama mkewe. "Umemwokota wapi huyu?"

"Nimemlea mwenyewe," Odile alijibu, na bado alikuwa anatabasamu.

Desemba, wanakunywa supu ya njegere, Ludger akasema kutoka kule mlangoni, "Kwa Lizotte ng'ombe amezaa pacha. Mmoja hana macho." Réal akamtania kwamba ameanza utangazaji wa redio. Kesho yake alikutana na jirani Lizotte kwenye kituo cha mafuta, akarudi nyumbani hatanii tena. Ng'ombe alikuwa amezaa usiku ule, na Lizotte hakuwa amemwambia mtu, maana yule ndama alimtisha.

Jioni nyingine Ludger akasema, "Kwa Anctil hawapokei mtu. Wamemfungulia mbwa."

Réal akaweka kijiko chini. Kwa Anctil palikuwa shimo la msingi lililoota vichaka. Nyumba iliungua na watu wake kabla baba yake Réal hajazaliwa.

"Nani amekusimulia habari za Anctil?"

"Nilipita," Ludger akasema, akaendelea kunywa supu taratibu.

"Ni mama huyo," Réal alimwambia Odile walipobaki wawili. "Anamjaza mtoto hadithi."

"Mama yako hajakanyaga hapa wiki tatu."

Alfajiri Réal alitakiwa kwenda na lori kaskazini, akaenda, na safari hii alimbusu Ludger mara mbili. Ludger alimpa mkono.

Ilikuwa katikati ya Januari, Odile anaosha vyombo, alipoletewa sahani tupu na mikono miwili midogo.

"Asante, mwenye nyumba."

Mikono ya Odile ikasimama ndani ya maji. "Umeniitaje?"

Ludger alimtazama kwa upole, vile mtoto anavyomtazama mama wa mwenzake. Alitabasamu kidogo, kama anayeogopa kuwa amekosea jina. Kisha akarudi kwenye benchi lake. Odile alisikia baridi inampanda mgongoni, na jiko lilikuwa linawaka.

Siku hiyo alitia mfarishi kabatini, akamchukua mtoto kitandani kwake. Ludger hakubisha. Alilala chali ukingoni kabisa, asiguse mtu. Asubuhi palikuwa patupu, na yeye alikuwa chini, ndani ya benchi, juu ya mbao tupu. Ikawa hivyo siku tatu mfululizo. Réal aliporudi alitaka kulitoa benchi nje, likagoma kupita mlangoni. Ni kama nyumba ilijengwa kulizunguka. Akaleta shoka. Bibi Aurore alipoambiwa kwa simu alipaza sauti mpaka Odile akaisikia kutoka upande wa pili wa jiko. "Usiliguse. Ukilivunja mgeni wake atalala wapi? Atalala ndani ya mtoto." Réal akarudisha shoka kwenye kuni, akakaa ngazini.

Odile akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Aliingia kwenye duka la misumari, akachukua lile gari jekundu la zimamoto, akalilipia bila kugeuza kibandiko cha bei. Lilikuwa na ngazi inayopanda na kushuka. Ludger alilipokea, akalitazama, akasema Mungu atakulipa. Asubuhi lilikuwa mezani, limefungwa upya ndani ya karatasi yake.

"Hulitaki?"

"Mpe mtoto wako," Ludger akasema.

"Nina watoto wawili, Ludger."

"Mimi nimemwona mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza alichokiona njiani. Odile aliingia stoo, akafunga mlango, akalia juu ya gunia la unga, na yale maneno aliyomwambia dada yake yakamrudia moja moja.

Mchana huo Ludger alipokuwa shule, alimvalisha Zélie, akaendesha gari mpaka kwa mkwe wake. Hakusubiri kahawa.

"Mama, leo utaniambia hiyo kwa nini."

Bibi Aurore alimpakata mjukuu. Akasema huku akimvua kofia, "Babu yake Réal alikuwa na mdogo wake, Évariste. Mwaka mmoja nyumba ilijaa wageni wa msiba, wakamlaza kwenye benchi majira yote ya baridi. Alikuwa na miaka sita. Akawa mtoto mtulivu, hana makuu, kila mtu anamsifu. Theluji ilipoyeyuka, barabara ilipoonekana, akasimama mlangoni asubuhi, akaaga."

"Akaaga vipi?"

"Kama mgeni anavyoaga. Asanteni kwa wema wenu. Mungu atawalipa. Na mama yake akamfungulia mlango."

"Akamfungulia?"

"Mwanangu, sisi ndivyo tulivyo. Mgeni wa lile benchi halazimishwi kukaa. Mkono ulifungua wenyewe kwa mazoea. Akampa na mkate wa njiani. Alipokumbuka kwamba yule ni mwanawe, alikuwa amekwishapinda kule penye msalaba wa njia panda. Walimtafuta mpaka Juni."

Zélie alikuwa anavuta kifungo cha bibi yake. Odile alimtazama mtoto asimwone.

"Sasa nifanye nini? Nisimfungulie?"

"Ukimzuia au ukimnyima, ataondoka na baraka ya nyumba. Ukimpa na kumfungulia, ataondoka na mtoto. Sijui, Odile. Ninalolijua ni alilokuwa akisema yule mama mpaka anakufa. Alikuwa akisema, angeniomba kitu kimoja tu. Kitu kimoja, ningejua ni wangu."

Odile alirudi na neno hilo. Alipigilia komeo jipya juu kabisa ya mlango, mahali ambapo mtoto hafiki. Februari ikapita. Kila siku alimwuliza Ludger unataka nini, na kila siku Ludger akasema hapana kitu, mwenye nyumba, nina kila kitu. Alikonda. Viatu vyake alianza kuvisafisha jioni.

Machi ilipotimia wiki mbili, maji yakaanza kudondoka kutoka paani. Réal alikuwa kaskazini akiwahi kutoa magogo ya mwisho kabla barabara hazijalainika. Jumamosi asubuhi Odile aliamka akaona kupitia dirishani mstari mweusi katikati ya weupe. Barabara ilikuwa imeonekana.

Aliteremka mbio, Zélie kiunoni. Ludger alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti na kofia, kamba za viatu zimefungwa vizuri, foronya ya mto begani na ndani yake vipande vya mkate vya miezi mitano. Benchi lilikuwa wazi. Mfarishi uliokuwa kabatini sasa ulikuwa humo, umekunjwa mara nne.

"Asanteni kwa wema wenu," alisema. "Mungu atawalipa. Nifungulie, mwenye nyumba."

Na mkono wa Odile ukainuka. Aliuona unainuka, unakwenda kwenye komeo, mkono wa watu wa kwao ambao kwa miaka mia tatu haukuwahi kumkatalia mgeni wa pale. Vidole viligusa chuma. Akauvuta kwa mkono wa pili, Zélie karibu amponyoke.

"Hakuna kwenda," akasema, sauti ikikwaruza. "Nani amekuruhusu kuvaa viatu ndani ya nyumba? Vua."

Ludger alimtazama. "Mimi ni mgeni."

"Mgeni mama yako. Ludger Pelletier, vua viatu, kalete kuni. Kila siku nafagia matope yako mimi?"

Hakuvua. Alisubiri, mpole, mvumilivu, na nyuma ya uvumilivu wake palikuwa na kitu kizee kuliko nyumba. Jikoni pakaanza kupoa. Moto ulikuwa unawaka na bado pakapoa, mvuke ukawatoka vinywani.

"Unanizuia, mwenye nyumba, au unaninyima?" akauliza.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Odile alikuwa amechelea kilio cha mwanawe tangu Oktoba, akanunua ukimya wake kwa bei rahisi, na sasa alikitaka kilio hicho. Alimkalisha Zélie kwenye kiti chake kirefu. Akatia siagi kwenye kikaango, nyingi, kama mtu asiye na deni wala benki, akapika chapati za maji mpaka mlima ukajaa sahani. Akatoa lile kopo la asali ya utomvu wa miti ambalo alikuwa analiweka kwa ajili ya Pasaka, akalimimina lote. Harufu ikajaa nyumba nzima. Akaliweka lile gari jekundu mbele ya Zélie, akapandisha ngazi yake.

"Kula, mwanangu," akamwambia Zélie. "Kula wewe. Yote yako. Na gari ni lako."

Akala na yeye, machozi yanamtiririka mpaka sahanini, akala kwa kelele, mgongo ameupa mlango. Ludger hakupewa hata ukingo. Odile alijua anachokifanya. Alikuwa anamnyima yule ambaye hajawahi kunyimwa, na kama ni baraka za nyumba ziende, na kama ni nyumba yenyewe iende.

Zélie alipigapiga ngazi ya gari mezani, ikalia kwi, kwi. Odile alimega chapati ya mwisho kabisa, akaiinua, asali inadondoka.

"Na mimi?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwama. Odile hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nataka."

"Mtoto mzuri haombi," Odile akasema.

"Nataka!" Foronya ikaanguka. "Nataka yote! Gari ni langu, lilikuwa langu, umempa huyu, yeye hata hajui! Nataka na simba, na juisi, na tochi, na kiti changu! Mama!"

Alijitupa sakafuni na koti lake, akapiga mateke, viatu vikaacha alama ukuta mzima, na Odile akamwangukia palepale, akamshika, naye anampiga ngumi za kifuani na kuomba, kuomba, miezi mitano ya kuomba ikimtoka kwa mkupuo. Mwili wake ulikuwa wa moto. Alinuka jasho la mtoto.

Hapo ndipo benchi lilipolia. Kifuniko kilishuka taratibu, bila kishindo, kama anavyokishusha mtu aliyeamka mapema asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Ubao mmoja wa sakafu ulilalamika, kisha wa pili, karibu kabisa na kichwa cha Odile. Komeo la juu likainuka lenyewe. Mlango ukafunguka, hewa ya kuyeyuka kwa theluji ikaingia, ukafungwa. Zélie akapunga mkono, kama alivyofundishwa kuwapungia watu wanaoondoka.

Odile aliinuka, akaenda dirishani na Ludger shingoni. Nyayo zilianzia kizingitini zikashika barabara, kubwa, za viatu vya mtu mzima, mguu wa kushoto ukiburuta. Hakukuwa na nyayo za kuja. Akasimama hapo akizitazama, kisha adabu ya kwao ikamzidi. Alichukua mkate mzima alioupika jana, akatoka na soksi kwenye tope la theluji mpaka nguzo ya lango, akauweka juu yake.

"Usiichukulie vibaya," akasema kwenye barabara tupu. "Nilikuwa na mtoto wa kumlisha."

Nyumba hawakuinunua mwaka ule. Mwezi wa Mei paa lilivuja, Juni injini ya lori ikafa, likafuata hili na lile, na lile fungu likapungua mpaka Odile akaacha kuliuliza. Kama ni baraka iliyoondoka au ni paa tu lililokuwa bovu, Réal ana lake na Bibi Aurore ana lake. Kitanda walikinunua, kipya, cha dukani. Benchi liko palepale, mfarishi ndani, na hakuna anayekaa juu yake hata kuvaa viatu.

Wiki moja baada ya siku ile, walikuwa dukani, foleni ndefu. Simba alikuwa tayari ndani ya kigari, lakini Ludger alitaka masanduku mawili. Odile akasema moja linatosha. Ludger akajitupa sakafuni. Alipiga kelele mpaka kule kwenye samaki watu wakageuka, na mwanamke mmoja mwenye koti la manyoya akaruka mguu wake, akachukia.

"Mtoto gani huyu asiye na adabu? Huyu ni wa nani?"

Odile alikuwa amesimama, mkono umeshika kigari, anamsikiliza mwanawe. Hakuinama kumnong'oneza neno. Aliinua kichwa ili foleni yote imsikie.

"Wangu," akasema. "Huyu ni wangu."